Mtoto Asiyejua Kuanguka

Seoul, wodi ya wajawazito
3 Aprili 2017

Wifi Malsun,

Nakusalimu nikiwa nimelala chali, maana nimekatazwa hata kwenda dirishani. Mtoto wa tumboni anacheza vizuri. Baba Danbi mzima, anaendesha treni zake za chini ya ardhi usiku, mchana analala kama gunia. Mama mkwe alikuja Jumapili na uji wa malenge, akasema nimekonda, kisha nusu ya uji akala yeye. Mgongo wako vipi? Theluji imeisha huko juu?

Usishangae kupata barua. Nesi amenipokonya simu. Kila nikimaliza kuongea na wewe presha inapanda, na jana alipotazama mashine akaniuliza, "Huyo ni wifi au ni ugonjwa?" Amesema niandike, maana barua haijibizani papo hapo.

Kilichonifanya niandike ni Danbi. Najua umempokea kwa moyo mmoja, na bila wewe sijui ningempeleka wapi mpaka nijifungue. Lakini Danbi hajazoea shamba. Ngozi yake laini, kifua chake chepesi kushika mafua. Asitembee peku. Asichezee maji ya kijito. Zile ngazi za mawe za uani kwako, mbebe. Na yule jogoo wako mwenye macho ya kijambazi, mfungie. Sikuombi makubwa. Nirudishie mtoto kama nilivyokupa.

Miran


Gangwon
12 Aprili

Mama Danbi,

Barua imefika, na sisi tu wazima. Theluji imebaki upande wa kaskazini wa nyumba tu. Miche ya kabichi imeota vizuri. Mgongo unauma asubuhi, ukipata moto unasahau. Danbi anakula wali bakuli mbili, na kimchi, ile kabichi yetu ya pilipili, anaiosha kwenye maji kwanza kama mama yake.

Sasa nikwambie jambo, na umwite huyo nesi akae karibu.

Juzi Danbi alikuwa anamkimbiza jogoo. Soma vizuri: yeye ndiye aliyekuwa anamkimbiza jogoo. Pale uani penye udongo mtupu, pasipo na jiwe wala mzizi, akajikwaa mguu wake mwenyewe na kuanguka kama ubao. Mikono yote miwili ilibaki ubavuni. Kilichotangulia chini ni uso.

Mimi nimeona watoto wakianguka tangu nina akili zangu. Sijapata kuona mtoto wa miaka mitano anayeanguka bila kutanguliza mikono. Nilimkimbilia, pua inavuja damu, mdomo umepasuka. Hakulia. Alinyoosha mikono nimbebe, akaniangalia kwa mshangao na kuniuliza, "Shangazi, nani kanisukuma?"

Mama Danbi, fikiria hilo. Mtoto huyu hajui kwamba mtu anaweza kuanguka mwenyewe. Mmemshika mkono miaka mitano, hata siku moja hajaanguka akajua kuanguka kukoje!

Pua ilikauka baada ya muda mfupi, mdomo umeshapona. Siku hizi ngazi anashuka mwenyewe, kwa makalio. Simbebi tena. Uzito wake na mgongo wangu haviendani, na hata vingeendana nisingembeba.

Kunywa maji, tulia.

Malsun


Seoul
17 Aprili

Wifi,

Salamu. Sote tu wazima, isipokuwa mimi.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikadhani nimekosea kusoma. Damu puani! Mdomo umepasuka! Na unaniandikia kama mtu anayesimulia kichekesho cha sokoni. Nilipiga kelele mpaka mama wa kitanda cha jirani akadhani uchungu wangu umeanza.

Mtoto akianguka hivyo anapelekwa hospitali, anapigwa picha ya kichwa. Hapewi hotuba. Unasema hajui kuanguka. Ndiyo, hajui! Hilo ndilo nililokuwa nalifanyia kazi usiku na mchana, asijue. Kwenye jengo letu kuna mtoto aliyeanguka kwenye bembea akapoteza jicho. Wewe huyajui hayo, unaishi na kabichi.

Wewe hujawahi kubeba mimba, wifi. Huwezi kujua.

Nimemwagiza baba Danbi akutumie kifurushi. Kuna kofia ngumu, vikinga magoti, dawa ya kuoshea mikono, na saa ya mkononi inayoonyesha mtoto alipo kwenye ramani ya simu. Avae vyote akitoka nje. Vyote.

Miran


Gangwon
9 Mei

Miran,

Hatujambo.

Kifurushi kimefika. Kabichi tumepanda. Mvua ni ya kutosha.

Danbi aliumwa na nyuki kidoleni, ukavimba siku moja, ukapungua. Alitumbukia kijitoni mpaka kiunoni, akabadilishwa nguo. Alishika upupu wa msituni, sasa anayajua majani yake na anaupita mbali. Uliniomba habari zake, habari zake ndizo hizo.

Malsun


Seoul
15 Mei

Wifi Malsun,

Natumai mgongo umepoa na kabichi zimeshika. Mimi daktari anasema nikivumilia wiki chache zaidi nitaruhusiwa kurudi nyumbani, mradi nisifanye kazi wala safari. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kwa nini humpigii.

Wiki tatu sikupata hata mstari kutoka kwako, halafu nikapata mistari sita. Niliihesabu. Ningependa unitukane, wifi, kuliko vile.

Lakini hilo siyo la leo. Jana baba Danbi alikuja kuniona, nikamwambia, "Hebu fungua simu yako nione mwanangu yuko wapi." Akafungua ile ramani. Kitone cha Danbi kilikuwa katikati ya bwawa.

Siyo kando ya bwawa. Katikati, kwenye bluu. Na kilikuwa kinazunguka polepole.

Sikumbuki nilichofanya. Baba Danbi anasema niling'oa sindano ya dripu nikasimama, mimi ambaye sijasimama tangu Machi. Manesi watatu walinikamata. Yeye anakupigia hupokei, anakupigia hupokei, mpaka alipompata mzee Bae wa duka la mbolea, na mzee Bae akasema amemwona Danbi sasa hivi tu anakula kiazi cha kuchoma barazani kwako.

Wifi, nini kilikuwa bwawani? Baba Danbi aliongea na wewe baadaye, nikamsikia kwenye korido anacheka. Nikimuuliza anasema, "Atakueleza mwenyewe." Nani anacheka jambo kama hili?

Na kuhusu ile sentensi niliyoandika Aprili, mkono wangu umechoka. Nitaandika siku nyingine.

Miran


Gangwon
28 Mei

Mama Danbi,

Salamu nyingi, na pole. Pole ya kweli. Baba Danbi aliponiambia umeng'oa sindano, nilikaa chini palepale mlangoni na jembe mkononi.

Kilichokuwa bwawani ni bata. Danbi alimvisha bata wa mzee Bae ile saa, shingoni. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu, "Shangazi, mimi bwawani nimekatazwa, yeye hajakatazwa, na hana mtu wa kumwangalia." Bata bado anayo, kumkamata ni kazi.

Usidhani huku hakuna sheria. Kijitoni anaingia mpaka magotini, bwawani hasogei. Barabara ya malori hakanyagi bila mkono wangu. Vitu vinavyoweza kumuua nimeweka mbali naye. Vinavyoweza kumuuma kidogo nimeviacha, vimfundishe.

Sasa anapanda mti. Tulia! Ni mforosadi wa nyuma ya jiko, matawi yake ya chini hayanizidi urefu. Sheria ya mti ni moja: hakuna wa kumpandisha na hakuna wa kumshusha. Anafika pale anapofika kwa mikono yake, na akifika hapo basi anajua na njia ya kurudi. Wiki nzima aliishia tawi la kwanza, akakaa hapo akiimba. Mimi nachungulia dirishani, nashika moyo, namenya viazi. Usifikiri siogopi.

Ile sentensi usiirudie, wala usiiombee radhi kwenye karatasi. Ila jua tu kwamba huyo mume wako, mama alipokuwa anauza samaki sokoni tangu alfajiri, alilelewa mgongoni kwangu, nami nikiwa mtoto. Uliza ile alama ya kidevuni ameipata wapi.

Mwezi ujao matunda yataiva. Njoo ule ukishajifungua.

Malsun


Gangwon
19 Juni

Mama Danbi,

Umefika salama? Maumivu ya tumbo hayajarudi? Nijibu hilo kwanza hata kwa neno moja.

Danbi hajambo. Mfupa wa mkono umepata ufa, haukuvunjika mbili, na daktari wa mjini anasema kwa umri wake utaunga upesi. Plasta ameshaichora maua. Anakula.

Mdogo wangu Gyuchol, mume wako, alipiga simu. Nimemwambia Danbi alianguka mtini nikiwa jikoni, kwamba ni uzembe wangu. Sikumwambia kwamba ulikuja. Akasema, "Dada, kwa kweli umenishangaza," akakata. Mama naye amepiga. Aliyoyasema nayajua, nimeyasikia tangu utoto.

Liache hivyohivyo. Wewe hukuwepo. Ulikuwa nyumbani umelala kama ulivyoamriwa. Mimi ni damu yao, watanikasirikia mwaka mmoja, basi. Wewe ni mkwe, na una tumbo.

Malsun


Seoul
10 Julai

Wifi Malsun,

Mimi mzima, na maumivu hayajarudi. Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Niliposoma kwamba umejibebesha lile jambo, nilishtuka kuliko siku yenyewe. Nilisoma na kurudia nikitafuta mahali unaponisuta. Sikupaona. Wifi, kwa nini? Mimi ndiye niliyekuandikia yale ya Aprili.

Acha niandike ilivyokuwa, angalau mahali pamoja pawe na ukweli.

Hospitali waliponiruhusu nilikaa nyumbani wiki moja. Ulikuwa umeandika "mti", na mimi kila nikifumba macho naona mti. Baba Danbi akaenda zamu, nikapanda basi la Gangwon na tumbo langu, sikumuaga mtu. Nilitaka nimwone tu kwa mbali, nirudi. Nilizunguka nyuma ya jiko. Nikamwona juu, tawi la tatu, peku, bila kofia. Alikuwa amekaa vizuri kabisa, wifi. Mguu mmoja huku, mguu mmoja huku, mkono umeshika shina. Kisha akageuka, na mdomo wake wote, kidevu, shingo mpaka kwenye fulana, ni mwekundu mweusi.

Niliona damu. Sikuona kitu kingine duniani. Nikapiga ukelele.

Hakuteleza. Alishtuka kwa sauti yangu, akaniona, akasema "Mama!" na akanyoosha mikono yote miwili nimpokee. Yote miwili. Vile nilivyomzoeza mimi.

Wewe ulitoka jikoni unakimbia na kisu cha viazi. Mimi nimepiga magoti nashika tumbo, Danbi chini ameshika mkono analia, na ule wekundu usoni mwake unanukia sukari, ni maji ya matunda ya mforosadi tu. Ukamwangalia yeye, ukaniangalia mimi, ukasema jambo moja tu: "Bae, leta gari!" Kwenye lile lori la kabichi ulikaa katikati yetu, umempakata yeye, na mkono wako mwingine umeushika wangu. Hukuniambia, "Unaona sasa?" Njia nzima nilikuwa nalingojea neno hilo.

Basi. Juzi niliamua kumwambia baba Danbi. Nilipika, nikamwandalia, akakaa. Nikasema, "Nina jambo."

Akasema, "La mforosadi?"

Nikarudisha kijiko kwenye sufuria.

"Danbi aliniambia siku ileile," akasema. "Dada alipompa simu. Kasema, Mama alikuja, akapiga kelele kama king'ora, nikaachia tawi."

"Na hukuniuliza?"

"Wewe ulikuwa na tumbo. Dada alikuwa ananidanganya kwa bidii sana. Nikasema nisubiri nione nani atachoka kwanza." Halafu, wifi, akaangalia chini, akasema, "Ungepoteza wote wawili, Miran. Sikulala."

Tulilia sote, chakula kikapoa. Baadaye nikamuuliza kuhusu alama ya kidevuni. Akasema alianguka kwenye ukuta wa shamba alipokuwa mdogo, wewe ukamfuta kwa upindo wa sketi na kumwambia apande tena, safari hii aangalie anapoweka mguu. Anasema mpaka leo akiendesha treni anaiona ile sketi.

Ile sentensi umenikataza kuirudia. Sirudii. Ila ukweli ni kwamba sikujua ninalosema.

Mama mkwe nimemwambia mwenyewe. Amenuna. Acha anune.

Danbi akae kwako mpaka nijifungue, kama utamkubali.

Miran


Gangwon
27 Agosti

Mama Danbi, sasa mama wa wawili,

Hongera! Mtoto wa kiume, kilo tatu na zaidi, na sauti baba yake anasema inasikika mpaka kituo cha treni. Nimefurahi mpaka nikamwambia jogoo. Nimewatumia mwani mkavu, ule mwembamba wa pwani, unywe supu yake ya uzazi kila siku, usimwachie mama aimalize.

Nyumba imekuwa kimya tangu Gyuchol alipokuja kumchukua Danbi. Plasta ilikwisha kutolewa, mkono mzuri, mwembamba kidogo kuliko mwenzake. Siku ya kuondoka alishuka ngazi za mawe kwa miguu, kwa haraka, bila kunitazama, kwa sababu alikuwa amekasirika anaondolewa.

Kuna jambo sikukwambia. Tulipotoka hospitali siku ile, kesho yake asubuhi nilichukua msumeno nikakata lile tawi la tatu. Na la pili. Danbi alikuwa bado amelala. Alipoamka nikamwambia matawi yalioza. Hayakuoza, na sidhani kama alisadiki.

Tena siyo hayo tu. Majuma aliyobaki hapa, nilimfuata kila mahali. Kijitoni nilimshika mkono. Nikimwona amesimama juu ya jiwe, nasikia ule ukelele wako masikioni, na nakwambia kweli, Mama Danbi, wakati mwingine ukelele ulikuwa wangu. Mimi! Niliyekuandikia yote yale! Siku moja akaniuliza, "Shangazi, na wewe una tumbo?"

Sijijui siku hizi. Labda ni uzee. Labda ulikuwa na haki tangu mwanzo.

Malsun


Seoul
14 Septemba

Wifi Malsun,

Salamu kutoka kwa watu wanne. Mdogo wake Danbi ananyonya, analia, analala, kwa zamu kama baba yake. Mwani tumeula, na mama mkwe amekula sehemu yake na ya jirani. Ameacha kununa, anasema tu tuko wehu wawili.

Barua yako imenishtua, na nilidhani wewe umeshamaliza kunishtua. Nilimsomea baba Danbi pale pa msumeno, na sikujua Danbi yuko nyuma ya mlango. Akaingia amefura. "Tawi langu! Shangazi kakata tawi langu?" Wifi, alilia kuliko siku ya mkono. Alilia mpaka mdogo wake akaamka na kulia naye. Amesema wewe ni mwongo, matawi hayakuoza, aliyaona ndani ni meupe. Nimemwambia mkubwa haitwi mwongo. Akasema, "Basi ni mwoga." Hapo sikumkatalia, maana tuko wengi.

Usiniambie nilikuwa na haki. Nilikuwa na hofu, na wewe sasa unayo, tumegawana. Nikwambie nilichokiona Jumamosi kwenye uwanja wa michezo chini ya jengo letu. Danbi alikuwa anakimbia, akajikwaa. Mikono ilitangulia. Yote miwili, viganja wazi, pa! Goti likachubuka, damu ikatoka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mtoto titini, sikuweza kukimbia hata ningetaka. Na yeye, kabla ya lolote, akainua kichwa akaniangalia usoni. Ananisoma, wifi. Anatafuta kwangu kama hili ni la kulia.

Sijui uso wangu ulisema nini. Nilijitahidi uwe uso wa mtu anayemenya viazi.

Akatazama goti. Akafuta mchanga kwenye viganja, kimoja kwa kingine. "Nilikimbia nikiangalia nyuma," akaniambia, kama fundi anayeeleza gari lilivyoharibika, na akaondoka kwenda kwenye bembea. Mama mmoja wa benchi jirani alinitazama kwa macho ya kunihukumu. Nilimjua mama yule. Miezi sita iliyopita nilikuwa mimi.

Sikukuu ya mavuno tunakuja, wote wanne, daktari amekubali. Danbi anasema mforosadi una tawi upande wa ghala, umelisahau, na wewe huwezi kulifikia kwa msumeno. Msumeno ufungie. Apande mwenyewe, ashuke mwenyewe, sheria ni ileile. Wewe na mimi tutakaa jikoni tukipika keki za mchele, dirisha tumeligeuzia migongo, na tutashikana mikono kama kwenye lori. Atakayepiga kelele kwanza ataosha vyombo vya ukoo mzima.

Wifi yako,
Miran